Shikamoo Mama, Niko Gia ya Kwanza

Mimi nina futi tano na inchi mbili, na hizo inchi mbili nimezipigania. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana futi sita na inchi tano. Ngongoti. Akija kwetu anainama kwanza, ndipo anapiga hodi. Sasa sisi wawili ndio tuliokwenda kukodi gari moja, lenye usukani mmoja, na kwenye fomu ya bima tukaandikwa madereva wote wawili.

Gari lenyewe ni hizi motohomu: vani ya mizigo ya Kiitaliano iliyobebeshwa nyumba mgongoni. Jiko limo, friji imo, choo kimo, meza na mabenchi, na kitanda kingine kimekaa juu ya vichwa vya wanaokaa mbele kama dari lililoshuka. Tani tatu na nusu, mwisho wa leseni ya kawaida. Tulilichukulia Inverness, kaskazini ya Uskoti, ili tuizunguke ile njia inayoitwa North Coast 500, maili 516 za bahari, milima na kondoo. Safari aliipanga mke wangu, kila kitu mpaka chumvi. Ile njia ya mlimani ya kwenda Applecross, inayopanda hadi mita 626, aliifuta kwenye ramani kabla hatujaondoka nyumbani. Alisema anatujua.

Kuendesha sikuwa na hofu nako. Nimeshika Haisi ya Tanga–Muheza miaka minne kabla sijapanda ndege, na Uingereza wanapita kushoto kama kwetu. Nikalitazama lile gari nikasema, hii si Haisi tu iliyoshiba?

Nikapanda. Kufika juu kulihitaji hatua mbili na kumshika shemeji bega, lakini hayo tuyaache.

Kiti cha motohomu si kiti cha gari, jamani. Chini kuna sanduku la bati. Juu ya sanduku kuna sahani ya chuma inayozunguka, ili mkifika kambini mkigeuze kiti kitazame nyuma na chenyewe kiwe sehemu ya sebule. Juu ya sahani ndipo penye kiti. Kila tabaka lina kimo chake, na wenzo wa kukishusha hamna. Kinakwenda mbele na kurudi nyuma, na mgongo unalala, basi. Nilipoegemea mpaka mwisho kama mtu mwenye haki zake, miguu ikabaki inaning'inia, kama mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha wageni akaambiwa atulie. Ukingo wa kiti ukanikaba nyuma ya magoti, haikupita robo saa ganzi imeshuka hadi vidoleni. Nikikisogeza mbele niifikie klachi, usukani unaniingia tumboni. Nao usukani ulikuwa wa kuvuta na kusukuma tu, juu na chini hauendi. Na klachi ile haina masihara, usipoifikisha chini kabisa gia zinalia kama umekanyaga mkia wa paka.

Kijana aliyetukabidhi ufunguo alitufundisha gesi, tangi la maji na kumwaga choo kwa dakika arobaini. Kiti alikimaliza kwa sentensi moja: wenzo uko chini. Hakusema kwamba ziko mbili.

Basi nikajitengeneza mwenyewe. Mto wa benchi nikauweka mgongoni, blanketi nikalikunja nikaliweka juu ya mto, na miguuni nikavaa viatu vya mke wangu. Ndiyo. Raizoni, rangi ya waridi, soli nene vidole vitatu, alivyovaa kwenye harusi ya binti wa mama yake mdogo. Mimi na mke wangu tunavaa namba moja, 39. Hiyo ilikuwa siri ya ndoa, lakini kwa yaliyotokea baadaye sina tena cha kuficha. Nikakanyaga klachi, ikafika chini. Mke wangu akanitazama miguuni, akatazama dirishani.

Mpaka Ullapool nikafika salama. Mgongo ulikuwa umepinda kama mtu anayechungulia kisima, lakini salama.

Zamu ya shemeji ikaja. Akatupa mto wangu, akatupa blanketi, akasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga benchi alilokalia dada yake, chai ikamwagika, na bado magoti yakaukumbatia usukani pande zote mbili kama mtu anayepiga ngoma ya msondo. Gia ya gari lile haiko chini kati ya viti, imechomoza kwenye dashibodi, jirani kabisa na goti lake la kushoto. Ya kwanza hadi ya nne alizipata. Ya tano iko upande wa dereva, palepale goti lilipopanga chumba. Kila akitaka tano ilikuwa: inua goti, weka tano, shusha goti. Nikamwambia, "Shem, hiyo gia au mazoezi ya viungo?" Akasema wafupi hawaulizwi habari za magoti, hawana.

Ila shida yake hasa ilikuwa juu. Kile kitanda cha kwenye paji la gari kilimkatia dunia usawa wa nyusi. Barabara ya karibu aliiona mpaka kokoto. Kilichokuwa juu hakukiona kabisa. Tukafika mahali panapokarabatiwa barabara, wameweka taa za kuruhusu upande mmoja mmoja. Yeye anaona nguzo.

"Shem, rangi gani?"

"Nyekundu."

"Sasa?"

"Nyekundu. Nitakwambia."

"Sasa?"

"Twende!" na mlango nikaugonga kwa kiganja mara mbili, mkono wenyewe ulikumbuka Muheza. Kuanzia hapo nikawa konda wa taa.

Tulikuwa tumekubaliana kubadilishana kila baada ya saa moja. Hesabu hiyo ilifanywa na watu ambao hawajawahi kubadilishana. Akitoka yeye, mimi naanza upya: kiti mbele, mto, blanketi, usukani, viatu, mkanda uniache shingo. Vioo vya pembeni alivyoviweka yeye vinanionyesha mawingu. Nilivyoviweka mimi vinamwonyesha tairi. Robo saa nzima. Na kule juu barabara nyingi ni za gari moja, zina vijisehemu vya kupishana na vibao vinavyosema si vya kuegesha. Siku moja tulibadilishana kwenye kimojawapo, trekta ikaja mbele, gari tatu nyuma, na katikati ni mimi nafunga kamba za raizoni. Mwenye trekta alizima injini akatoa mkate wake akala.

Usiku wa tatu tukalala kambi ya karibu na Durness, juu ya mwamba, bahari chini. Mwezi wa saba kule saa nne usiku bado unaweza kusoma gazeti nje, lakini hakuna anayesoma nje, kwa sababu ya visubi. Visubi vya Uskoti ni vidogo, na vina hasira kuliko vyetu. Tukajifungia ndani, tukapika wali wa nazi ya kopo na samaki wa Ullapool, na shemeji akavizungusha viti vyote viwili vya mbele vikatazama meza. Sebule ikawa sebule. Siku zote tatu, huo ndio muda pekee nilioketi kwenye kile kiti kwa raha, na hata hivyo miguu niliiweka juu ya ndoo.

Sasa asubuhi.

Shemeji anasema alikirudisha kiti changu kikatazama mbele na akasikia "klik". Mimi nasema alichosikia ni goti lake. Vyovyote iwavyo, nilipanda nikakitikisa, kikatulia tuli. Nilichokuwa sijui ni kwamba hendibreki ya gari lile iko kando ya kiti, upande wa mlango, na ikiwa juu yenyewe inakizuia kiti kisizunguke. Kilitulia kwa sababu kimeshikwa, si kwa sababu kimefungwa. Halafu na mimi, sitaki kusema uongo, nilipotaka kukisogeza mbele nilivuta wenzo, kiti hakikwenda. Nikavuta mwingine, kikaenda. Ule wa kwanza nilikuwa nimefungua nini, sikujiuliza.

Mke wangu alikuwa nyuma mezani, mkanda umefungwa, anaongea na mama yake wa Tanga kwa video. Simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, imeelekea mbele ili mama aone gari lilivyo. Shemeji kakaa kando yangu. Nikawasha. Nikaikanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu zangu zote, maana bila nguvu zote haiendi. Nikaweka gia ya kwanza. Nikashusha hendibreki.

Ukisukuma pedali kwa mguu wa kushoto, nyonga ya kushoto inarudi nyuma. Hilo kwenye kiti cha kawaida halina maana yoyote. Kwenye kiti ambacho hakikufungwa, maana yake ni kwamba unakizungusha. Nikaanza kuiona bahari inahamia kulia. Nikaona dashibodi inaondoka. Nikamwona shemeji uso kwa uso, mdomo wazi, kisha naye akapita. Mguu ukatoka kwenye klachi, gari likaruka hatua moja kama mbuzi, likazima, na ule mruko ukanimalizia mzunguko uliobaki. Vyombo vikaanguka kabatini. Bahati gia ya kwanza ililishika gari lisirudi nyuma. Nami nikasimama pale, nimekaa wima, mto mgongoni, mkanda umenizunguka shingo kama kilemba kilichofungwa na mtu asiyejua, miguu inaning'inia, raizoni za waridi zikitangulia, natazamana na simu.

Kimya. Adabu ni adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Akasogea karibu na kioo, nikaliona jicho moja na nusu ya miwani. "Nimeambiwa wewe ndiye unayeendesha."

"Ndiyo mama."

"Mbona umegeukia huku?"

"Nimeona nikusalimu kwanza."

"Vizuri sana. Na hivyo viatu si vya harusi ya binti wa mdogo wangu?"

"Mama, mtandao unakatika."

"Haukatiki, baba. Nakuona vizuri kabisa."

Shemeji alicheka akainuka kitini, akasahau dari, akajigonga kwenye kile kitanda kiasi cha kukaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Hilo peke yake lilinifariji. Alipopata pumzi akatoa hoja ambayo anaitumia mpaka leo kwenye kila kikao cha familia: kwamba yeye kiti kisingeweza kumzungusha hata kifunguliwe na shetani, magoti yake yangekwama kwenye usukani. Kile kiti, anasema, kilihitaji mtu wa kipimo maalumu.

Jirani yetu wa kambi, mzee mstaafu aliyevaa kaptula kana kwamba visubi ni ndugu zake, aliona yote kupitia kioo cha mbele: dereva akaonekana, dereva akaonekana ubavu, dereva akaonekana kisogo. Akaja na kipande cha ubao kipana kilichogongewa zulia. Mkewe alikuwa wa kimo changu, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akifuta machozi mlangoni mwao. Mzee akaulaza ubao sakafuni mahali pa visigino, kabla ya kuzifikia pedali, akaubana kwa ule utepe wa kunasiana ili usiteleze ukaingia chini ya breki. Ganzi ikaisha hapohapo, na raizoni zikarudi kwa mwenyewe. Akatufundisha kuanza na miguu: klachi ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo. Halafu mgongo, ukinyoosha mkono, kifundo kikae juu ya usukani bila bega kuacha kiti, na kati ya kifua na usukani pabaki sentimita 25 hivi. Vioo ni mwisho wa yote, sisi tulikuwa tunaanza navyo. Shemeji akalazwa mgongo wa kiti kidogo, kichwa kikashuka, na kwa mara ya kwanza akaiona Uskoti ina milima.

Kisha mzee akachukua utepe wa rangi akatia alama kwenye reli ya kiti: kijani yangu, nyekundu ya shemeji. Mke wangu ndiye aliyechagua nyekundu. Akasema labda hiyo ataiona.

Wenzo ule wa kuzungushia kiti ukafungwa kwa kamba ya katani, mafundo matatu.

Maili zilizobaki tulibadilishana kwa dakika tatu tu, na gari tukalirudisha Inverness bila mkwaruzo. Nikadhani yameisha. Mwezi wa kumi na mbili nikaenda Tanga kuwasalimia wakwe. Nimevaa kanzu, nimebeba zawadi, nimeingia na heshima zangu zote. Barazani wamejaa: mama wadogo, majirani, na bibi mmoja ambaye sijawahi kumwona maishani, akaitazama miguu yangu kwanza, kisha uso. Nikatoa shikamoo ya jumla. Wakaitikia wote kwa pamoja, vizuri mno.

Mama mkwe akageukia ndani akamwita mtoto.

"Mletee baba yako kiti," akasema. "Kile cha miguu minne. Kisichozunguka."