T'Challa arudi, au Shuri aendelee?

Ukitaka kupoteza mchana mzima Kondele, hapa Kisumu, ingia duka lolote la muvi, na kijana wa kaunta akiwa anakujazia flashi, sema Shuri hatoshi kuwa Black Panther, shujaa wa filamu za Marvel anayeilinda Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika. Atakujibu kijana wa kaunta, atakujibu mama aliyefuata tamthilia yake ya Kikorea, na jamaa wa boda aliyeegesha mlangoni ataingilia helmeti ikiwa bado kichwani. Ubishi huu ni wa tangu 2020, na huwaka upya kila Marvel inapotangaza jambo. Safari hii umechochewa na Avengers: Doomsday, iliyopangwa kutoka Desemba 2026. Katika majina ya waigizaji yaliyotangazwa Machi 2025, Letitia Wright wa Shuri yumo, Winston Duke wa M'Baku yumo, lakini mwigizaji wa T'Challa hakutajwa.

Kwa asiyeufuata mkasa wenyewe: Chadwick Boseman, aliyemcheza T'Challa, mfalme wa Wakanda aliyekuwa Black Panther, alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana ambayo umma haukujua anaugua. Marvel ikaamua T'Challa hatapewa mtu mwingine. Katika filamu ya pili, Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022, mfalme anakufa mwanzoni kabisa na dada yake Shuri ndiye anayelivaa vazi. Sehemu ya mashabiki wakaja juu mitandaoni wakidai mhusika apewe mwigizaji mpya. Kisumu tuna sababu ya kujiona wahusika katika shauri hili. Nakia, mpenzi wa T'Challa, huchezwa na Lupita Nyong'o, binti ya Gavana Anyang' Nyong'o, na Februari 2018 filamu ya kwanza, Black Panther, ilifanyiwa onyesho maalumu papa hapa mjini. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba upendeleo upo.

Nianze na wanaotaka T'Challa arudi, kwa kuwa hoja yao ni nzito kuliko inavyopewa heshima. T'Challa alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Alingoja zaidi ya nusu karne kupata filamu aliyoibeba mwenyewe, na akaipata moja tu. Nyingine tatu alizoonekana ni za kundi. Batman amechezwa na Keaton, Kilmer, Clooney, Bale, Affleck na Pattinson, na hakuna aliyesema Batman azikwe pamoja na yeyote. Marvel wenyewe walimweka Don Cheadle mahali pa Terrence Howard mwaka 2010, na Mark Ruffalo mahali pa Edward Norton mwaka 2012. Utasema hao walibadilishwa wakiwa hai. Sawa. William Hurt, aliyemcheza Jenerali Ross, alifariki Machi 2022. Mwaka uleule jina la Harrison Ford likatangazwa, na kufikia 2025 Ross alikuwa rais wa Marekani kwenye skrini, tena anageuka jitu jekundu. Mzee mkorofi kama Ross akaendelea kuishi, mfalme wa Kiafrika akafukiwa. Ukiliweka hivyo mbele ya watu, baraza huwa linanyamaza kidogo.

Jibu lipo, ingawa halinitoshelezi mia kwa mia: Hurt hakuwa sura ya filamu yake, Boseman alikuwa. Ni yeye aliyeshikilia kwamba Mwafrika huyu azungumze kwa lafudhi ya Kiafrika, si ya Uingereza wala Marekani. Watoto walipokunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda, waliyemuona kichwani ni yeye.

Kuna na suala la malezi yetu ya muvi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Manyatta na Nyalenda, benchi za mbao na sauti ya DJ Afro ikitutafsiria kila ngumi, tulifundishwa sheria moja: stelingi hafi. Apigwe risasi, adondoke ghorofani, ataamka. Sasa huyu wetu amekufa kitandani, nje ya kamera, kwa ugonjwa ambao filamu haiutaji hata jina. Mtazamaji wa bandani anahisi ameibiwa, na simlaumu.

Lakini rudia dakika za mwanzo za Wakanda Forever. Shuri yuko maabara anahangaika kuutengeneza upya ule mmea wa umbo la moyo unaompa Black Panther nguvu zake. Mama yake anaingia na kumwambia kaka yako yuko na mababu. Kisha mazishi: watu wote wamevaa nyeupe, ngoma zinapigwa, watu wanacheza wakilia. Halafu nembo ya Marvel inapita kimya bila muziki, picha zote zikiwa za Boseman. Mtu wa huku Magharibi mwa Kenya hahitaji kuelezwa kitu hapo. Tunajua matanga, tunajua kucheza huku unalia, na tunajua nyumba inavyokuwa siku mbili baada ya hema kung'olewa. Mwongozaji Ryan Coogler alikuwa ameandika hadithi nyingine yenye T'Challa ndani, na amesema msiba ule nusura umtoe kwenye kazi ya filamu kabisa. Katika hali hiyo, nani angeingia mlangoni na kusema, habari zenu, mimi ndiye mfalme? Hata angekuwa mwigizaji hodari kuliko wote, wangemla nyama. Machozi ya Angela Bassett, aliyemcheza mama yao T'Challa na Shuri, yalimpatia uteuzi wa Oscar, wa kwanza kwa mwigizaji katika filamu za Marvel Studios, na sidhani yalikuwa ya kuigiza yote.

Kwa hiyo 2022 Marvel walikuwa sahihi. Pale ninapoachana nao ni kwenye mwelekeo. Filamu ya matanga ilibebeshwa pia kumtambulisha Namor na ufalme wake wa chini ya maji, pamoja na binti mvumbuzi Riri Williams, ambaye tamthilia yake ilikuja 2025. Shuri alivaa vazi saa zimeshayoyoma. Wakosoaji wake husema watu walimkataa, wakionyesha mapato: ya kwanza ilipita dola bilioni 1.3, ya pili ikafika kama milioni 860. Hesabu hiyo haithibitishi lolote. Ya pili ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani mwaka huo. Wala Shuri hakuzuliwa kuziba pengo. Kwenye vitabu vya katuni alishakuwa Black Panther mwaka 2009. Shida ni kwamba hajapata filamu yake isiyo na jeneza.

Wapo wanaosema angepewa Nakia. Hapa Kisumu hoja hiyo hushangiliwa kabla haijamalizwa. Kwa bahati mbaya filamu ya kwanza ilishaijibu: Nakia ndiye aliyeuokoa mmea wa mwisho, ikapendekezwa aunywe yeye, akakataa kwamba yeye ni jasusi asiye na jeshi. Alichopewa baadaye ni kizito zaidi. Mwishoni mwa filamu ya pili tunamkuta Haiti na mwana wa marehemu. Kijana anaitwa Toussaint, na jina lake la Wakanda ni T'Challa. Wengine walishtuka. Kwa Waluo na Waluhya, kumpa mtoto jina la aliyetangulia ni jambo la kila kijiji, na kila mtu anajua mipaka yake: mtoto anaheshimiwa kwa lile jina, lakini hakuna anayemdai ng'ombe wa babu. Marvel wanaonekana kutaka kumrudisha T'Challa kwa mlango wa nyuma. Ni ujanja mzuri, ila haujibu ombi la mashabiki, maana walimtaka mtu mzima mwenye miaka sitini ya visa vitabuni ambavyo havijaguswa.

Na kinachonikera hasa ni hiki. Filamu hiyohiyo ya Doomsday inamrudisha Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, safari hii akiwa mhalifu Doctor Doom. Mwigizaji mmoja amepewa mhusika wa pili, ilhali mhusika mmoja amenyimwa mwigizaji wa pili. Baada ya hapo, kusema T'Challa haguswi kwa heshima ya marehemu kunakuwa kugumu kutetea.

Basi apewe mwigizaji? Siku moja, ndiyo. Ila wanaotaka iwe kesho hawajaniambia Shuri ataenda wapi. Arudishwe maabara kumshonea kaka mavazi, baada ya kumzika kaka, kumzika mama na kushinda vita? Coogler ana filamu ya tatu mkononi. Mimi ningempa Shuri hiyo yote, na yule T'Challa wa Haiti ningemwacha amalize shule ya msingi kwanza.