Nilinyanyua Hilux mpaka mama mkwe akatafutiwa kigoda

Hili nilijitakia mwenyewe, fundi hahusiki kabisa.

Masika ya mwaka juzi nilinasa njia ya Mahenge na Hilux yangu ya 2002, ile dabo kebini yenye injini ya dizeli ya 5L, tumbo limekaa kwenye tope matairi yanazunguka tu, mpaka trekta la mpunga likaja kunivuta na dereva akanichaji elfu hamsini huku anacheka. Nikaapa, gari hili lazima lipande juu.

Sasa hizi Hilux mbele hazina koili, zina toshenba, vile vyuma virefu viwili vinavyolala chini ya sakafu, mwisho wake kuna bolti, ukiikaza pua inainuka. Bure! Hilo neno ndo liliniponza. Jumamosi nikaingia uvunguni na spana na kipande cha bomba la maji cha kuongezea nguvu, kaza kulia, kaza kushoto, shemeji yangu kachuchumaa na rula ya shule ya mwanae, inchi moja, mbili, "ongeza shem, bado halitishi", tukafika tatu. Gari likasimama kama mbuzi anayechuma majani ya mpera.

Wiki ya kwanza raha mtupu, ingawa usiku taa zilikuwa zinamulika popo na kila dereva tuliyepishana naye alinitukana kwa fuli.

Kimbembe siku ya kumpeleka mama mkwe kliniki Ifakara. Nimemwamkia, nimefungua mlango, mama akaangalia juu kama anatafuta embe. "Mwanangu, hapa napanda au napaa?" Ikabidi mke wangu akimbilie kigoda cha jikoni. Tukaondoka, kila shimo mbele inagonga gu!, kila kona inalia ka-ka-ka-ka, na mama nyuma anasali kwa sauti, nadhani kwa makusudi.

Nikampelekea fundi mmoja mzee. Hata hakulala chini, aliinama tu. "Kijana wangu, ulikuwa unamfuata nani huko juu?" Akanionyesha mkono wa juu umekaa kabisa kwenye raba ya stopa, maana yake gurudumu halina tena pa kushukia, ndo ile gu. Shafti za mbele, zile zinazozungusha magurudumu, zimekaa kwa pembe mbaya, buti la CV, ile raba inayofunika kiungo cha shafti, limechanika, grisi yote imerushwa kwenye rimu na ndani umejaa mchanga. Boljointi za juu, vile viungo vinavyoshika gurudumu kwenye mkono, akazitikisa kwa mkono mmoja, zinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Tairi zenyewe zimelika upande mmoja, kwa sababu baada ya kunyanyua wala sikwenda alaimenti, yaani kunyoosha matairi, ningeendaje na mimi nilikuwa nafanya bure.

Akashusha mpaka ikabaki inchi moja, akaniambia kwa hizi usizidi moja na nusu hivi, ukitaka zaidi ya hapo ushushe na difu, lile boksi la gia linalozungusha shafti, na uweke shokapu ndefu, sio kukaza bolti kama unafunga mtungi wa gesi. Boljointi, CV, alaimenti, jumla laki nne na ishirini, yaani ningevutwa na lile trekta mara nane na hela ya soda ikabaki.

Kliniki iliyofuata nikamfungulia mama mlango kwa madaha, gari liko chini safi. Kasimama tu.

"Mama, siku hizi halina shida, limeshuka."

"Nimeona. Rula si bado mnayo? Pakia kigoda changu."