Mtandao Umekatika Saa Mbili

Jamani, kuna swali moja nikiliuliza ofisini naonekana mbishi: "Umekatika saa ngapi?" Mtu anakutazama kama umemtaka cheti cha kuzaliwa cha bibi yake. "Si umekatika tu! We njoo."

Bosi peke yake ndiye hujibu. Jumatatu kanipigia: "Mtandao umekatika saa mbili." Safi. Nikaingia kwenye kontrola, ile mashine inayovisimamia visahani vyeupe vya Wi-Fi huko darini, nikafungua logi, yaani daftari lake la matukio, nikatafuta 02:00. Kimya. Saa hiyo ofisini alikuwepo mlinzi na kitochi chake. Nikajizaba kofi: saa mbili asubuhi, we Mswahili, ni 08:00! Nikatafuta 08:00. Napo shwari.

Chai imepoa ndipo nakuja kugundua kwamba aliyeniachia kazi hii hakuwahi kuiambia kontrola kuwa iko Dar es Salaam. Inasoma UTC, ile saa ya kimataifa, nyuma yetu saa tatu. Saa mbili ya bosi ni 08:00 ya ukutani, na ya ukutani ni 05:00 ya kwenye logi. Tatizo moja, saa tatu tofauti, na nilipolitambua hilo ilikuwa saa tatu kamili.

Kwenye 05:00 sasa ndiko kwenye kilio. Simu zinakuja, neno la siri sahihi, zinakubaliwa, zinaomba anwani ya IP, ile namba ya kifaa ya kutumia mtandao, hazipewi. Zinatoka, zinarudi, zinaomba tena. Utadhani abiria wa jioni wanaogombea mlango wa daladala.

Huku mlangoni kwangu foleni. Dada wa uhasibu kaja na laptopu mikononi kama mtoto mgonjwa: "Kaka, mistari imejaa lakini hakuna kitu."

Niseme ukweli, hiyo ni taarifa nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu. Mistari inaonyesha tu unavyokisikia kisahani. Haisemi kama utapewa chochote. Ni kama kusimama dirishani kwa mama ntilie: harufu unaipata yote, wali umeisha. Nikaangalia anwani ya laptopu: 169.254 na takataka nyingine mbele. Kompyuta ikikosa anwani hujipachika ya kwake yenyewe, sawa na mtu aliyezamia harusi bila kadi, kajichagulia kiti, sahani inampita.

Nikahesabu. Anwani tulizonazo ni 253. Wafanyakazi 70. Bosi anauliza zinaishaje. Mzee, kila mtu hapa ana simu mbili na laptopu: hizo tayari ni 210. Weka printa, televisheni ya mapokezi, na saa za mkononi za hawa vijana wa masoko ambao hata hivyo wanachelewa. Halafu wageni! Neno la siri limebandikwa mapokezi kwa herufi kubwa kuliko jina la ofisi. Mtu analeta barua, anajiunga, anatazama status za watu, dakika kumi huyo kaondoka. Anwani yake inabaki ni yake siku nane, maana ndivyo seva inayogawa anwani ilivyokuja na mpangilio wake na hakuna aliyeugusa. Bodaboda aliyeleta chapati wiki iliyopita ana anwani hapa kwetu mpaka leo. Mimi nilikopanga sina uhakika wa hizo siku nane.

"Basi tununue visahani vingine," anasema bosi. Wali umeisha, yeye anataka kuongeza madirisha.

Nikawatenga wageni kwenye mtandao wao, nikawapanulia wafanyakazi idadi ya anwani. Dakika kumi na tano, hata jasho halikunitoka. Akabaki mama wa masjala tu. Kisahani kiko juu ya utosi wake, lakini simu yake imeng'ang'ania cha mapokezi, alikoingilia asubuhi. Anataka niilazimishe. Mama, shikamoo, kontrola inaweza kuishauri simu, lakini wa kuamua kuhama ni simu yenyewe. Izime Wi-Fi, uiwashe. "Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kuniambia nizime niwashe?" Akazima, akawasha, ikahamia. Hakunishukuru.

Jumanne saa mbili, simu yangu haikulia. Nikaagiza chai, nikainywa ya moto. Nikamwandikia bosi ripoti fupi, maana ndefu hasomi: "Tatizo limekwisha. Anwani ya mgeni: saa moja badala ya siku nane."

Hazikupita dakika tano, huyo hewani.

"Nimesoma ripoti yako. Sasa saa moja ofisi si bado imefungwa? Hao wageni wawekee kuanzia saa mbili."