Geuzeni droni pembeni: ukuta wa Hadrian haukupita kwenye pori tupu

Kuna video ambayo sitaki tena kutumiwa. Droni inapaa alfajiri kule Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, inaufuata ukuta wa Hadrian, kaisari wa Roma ya kale, juu ya majabali. Muziki mzito unapigwa, na msimulizi anatutangazia kwamba hapa ndipo ustaarabu ulipokomea, ng'ambo palikuwa na nyika na washenzi. Juzi imeingia tena kwenye kundi letu la wapenzi wa historia, watu wakaimwagia sifa. Mmoja akaandika: "Hawa jamaa walijua kulinda mali zao." Sentensi hiyo imenikaa kooni. Mali za nani? Ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya mwaka 122?

Habari za ujenzi mnazijua. Hadrian alifika Britania mwaka huo, askari wa legioni tatu, vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi, wakakata mawe, na mstari wa kilomita 117 ukapita kutoka Wallsend, kwenye Mto Tyne, hadi Bowness-on-Solway upande wa magharibi. Kila maili ya Kirumi ngome ndogo yenye lango, na kati ya ngome na ngome minara miwili. Sina ugomvi na hayo. Ninachogombana nacho ni hiki: tumepewa jicho la ndege, jicho ambalo askari wa Hadrian hakuwahi kuwa nalo, halafu tunalitumia kutembea juu ya mawe yaleyale aliyotembea yeye na kutazama kulekule alikotazama yeye.

Ukishapaa, tazama pembeni!

Rafiki yangu mpima ardhi, ambaye siku hizi anapima viwanja kwa droni, ndiye aliyenifundisha kwamba picha ya anga hutegemea saa na majira kuliko inavyotegemea kamera. Asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, hata tuta lenye kimo cha kiganja hutupa kivuli kirefu. Adhuhuri shamba hilohilo linaonekana tambarare. Na pale ambapo majembe na matrekta yameshasawazisha kila kitu, mazao yenyewe hutoa ushahidi. Handaki lililochimbwa miaka elfu mbili iliyopita likajaa udongo huwa na udongo mzito kuliko wa pembeni, nao hushika maji. Shayiri inayoota juu yake hubaki ndefu na ya kijani wakati shayiri ya jirani imeshaanza kukauka. Penye msingi wa mawe mambo hugeuka: mmea hukosa maji, hudumaa, hunyauka mapema. Ukisimama shambani huoni kitu. Ukipanda juu unaona duara la nyumba, mzingo wa boma, lango, njia ya mifugo. Kiangazi cha 1976 na kile cha 2018 kiliwapa wapiga picha wa anga wa Uingereza mavuno makubwa kwa sababu hiyohiyo. Ukame ulichora mashambani makazi ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Na hapo ndipo panaponiuma. Watu wa pande zile hawakuacha maandishi. Walioandika habari zao ni waliowatawala. Kati ya vibao vya mbao vilivyofukuliwa Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta, kimoja kinaeleza namna wenyeji wanavyopigana, kwamba hawavai deraya, na kinawataja kwa jina la dharau. Kibao hicho kina umri mkubwa kuliko ukuta wenyewe, yaani dharau ilitangulia mawe. Yaliyobaki ya maisha ya watu wale yamo ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo husomeka vizuri kutoka juu tu. Anayerusha droni pale ameshika ufunguo wa maktaba yao pekee, naye anaishia kupiga picha ya mlango.

Maktaba hiyo ina nini? Mwaka 1974 na 1975 wanaakiolojia Barri Jones na Nick Higham waliruka juu ya Cumbria, kwenye mwisho wa magharibi wa ukuta, wakapiga picha maboma na mashamba ya wenyeji kwenye tambarare za Solway. Ukija eneo la kati, karibu na ziwa dogo la Greenlee Lough, kaskazini kidogo ya ukuta, picha za anga zinaonyesha kambi ya muda ya Warumi imekaa juu ya matuta membamba ya kilimo. Matuta kabisa, yamepangana, kutoka tuta hadi tuta hakufiki mita moja na nusu. Aliyewahi kupanda viazi vitamu atayatambua bila kuelezwa. Dalili za kilimo zimekutwa pia chini ya ngome ya Wallsend. Chini yake, narudia. Mtu alikuwa akilima pale, akaja mpimaji wa jeshi na kamba zake, shamba likawa ngome. Hakuna anayejua alilipwa nini, na mimi siamini kwamba alilipwa.

Halafu kuna East Brunton na West Brunton, viungani mwa Newcastle, upande wa kaskazini wa ukuta. Wanaakiolojia walichimba huko kabla ya nyumba mpya kujengwa, wakakuta nyumba za msonge ndani ya maboma yaliyozungushiwa mahandaki, makazi ya watu walioishi hapo kizazi baada ya kizazi, wakijenga upya palepale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na Nick Hodgson na wenzake, na hoja yao ni nzito: makazi ya namna hii kwenye uwanda ule wa pwani yaliachwa muda si mrefu baada ya ukuta kujengwa. Watu walikuwa pale, ukuta ukaja, watu wakatoweka. Huenda walihamishwa kwa nguvu. Huenda walitenganishwa na malisho yao, na masoko yao, na wakwe zao waliobaki kusini, mpaka maisha yakashindikana. Kwa vyovyote, ile nyika tunayoonyeshwa kwenye video, ile inayodaiwa kuwa ndiyo sababu ya ukuta, kwa sehemu kubwa ililetwa na ukuta. Tunachukua matokeo ya uharibifu na kuyafanya kisingizio cha uharibifu wenyewe. Sisi, watu ambao babu zetu walichorewa mipaka na wageni katikati ya malisho, tunapiga makofi.

Jambo jingine ambalo jicho la juu linaonyesha waziwazi, na video hulikata, ni lile handaki la kusini, Vallum. Kwenye picha nyingi za anga huonekana vizuri kuliko ukuta: mfereji mpana wenye sakafu bapa, tuta huku na tuta kule, jumla yapata mita 36 kutoka ukingo hadi ukingo. Ulipita nyuma ya ukuta, upande wa raia wa dola, na ulivukwa mahali pachache, hasa kwenye ngome kubwa. Kama kusini palikuwa nyumbani kwa ustaarabu na kaskazini kwa washenzi, kwa nini jeshi lilijizungushia handaki dhidi ya kusini pia? Kwa sababu watu wa kusini nao walikuwa watu waliotawaliwa. Ndugu walikuwa pande zote mbili, na jeshi lilikaa katikati yao, likiamua nani apite.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba video zile zina kitu. Pale Steel Rigg na juu ya Crag Lough, droni ikipanda, unaona jinsi wajenzi walivyolitumia jabali la Whin Sill: mwamba umekatika wima kuelekea kaskazini, ukuta umekaa kwenye ukingo. Ukiwa chini, na mvua ya Northumberland usoni, huwezi kuelewa umbo lile. Na ndiyo, zimevutia watu kwenye historia, pengine hata mimi. Lakini uzuri wa jabali ni wa jabali.

Najua pia kuna watakaonikumbusha kwamba Waafrika walikuwepo ukutani. Walikuwepo. Katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kilikaa kwenye ngome ya Aballava, ambayo leo ni Burgh by Sands. Septimius Severus, kaisari wa Roma na mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja na jeshi mwaka 208 kupigana kaskazini mwa ukuta, akafia York mwaka 211. Habari hizi nazipenda na nazisimulia. Ila walikuja upande wa wenye lango, na fahari yangu kwao inaishia hapo.

Tena, kama tunapenda kuta za Warumi kiasi hiki, mbona kundini hakuna aliyewahi kuweka picha ya ile mipaka iliyopita Afrika? Fossatum Africae ni handaki na tuta, penye mawe hapa na pale, linalopita kwa vipande kwa mamia ya kilomita kwenye ukingo wa Sahara, sehemu kubwa ikiwa katika Algeria ya leo. Kwa macho ya mtu aliyesimama chini ni mtaro uliojaa mchanga. Kanali Jean Baradez, Mfaransa wa jeshi la anga, aliupiga picha kutoka kwenye ndege, akatoa kitabu mwaka 1949. Aliyasoma aliyoyaona kama askari, kama ngao dhidi ya watu wa jangwani. Lakini kamera yake ilinasa pia mifereji ya maji, kingo za mashamba, na malango, na wasomi waliofuata wameyatilia mkazo malango hayo: wafugaji walikuwa wakihama kila mwaka kati ya jangwa na nyanda za kaskazini, na mpaka ulikuwa mahali pa kuwahesabu, kuwachuja na kuwatoza. Kule Zarai, Algeria, kumebaki bango la mawe la mwaka 202 lenye viwango vya ushuru wa watumwa, farasi, ng'ombe, nguo na ngozi. Ukiwa umekulia kwenye nchi ya wafugaji huhitaji profesa akwambie maana ya geti katikati ya njia ya ng'ombe.

Syria nako hali ni hiyo. Padri Antoine Poidebard alirusha ndege huko miaka ya 1920 na 1930, akaandika orodha ya ngome 116 za Kirumi na kuona ndani yake mstari wa ulinzi. Mwaka 2023 mwanaakiolojia Jesse Casana na wenzake wakapitia picha za zamani za setilaiti za kijasusi za Marekani, wakabaini ngome nyingine 396 zilizotawanyika Syria na Iraki kutoka mashariki hadi magharibi, kama vituo vya njia za misafara. Poidebard aliruka alikotarajia kuona mpaka, ndiyo maana akauona mpaka.

Vipimo vya leza vya ardhi ya Uingereza viko wazi kwa umma bila malipo, na vinaonyesha sura ya ardhi hata chini ya miti. Mwenye kompyuta na intaneti, awe Iringa au Kisumu, anaweza kufuata Vallum usiku huu, kisha akaenda kaskazini akitafuta mahandaki ya maboma. Fanyeni hivyo kabla ya kunitumia tena ile video. Na nyinyi mnaoishi kule, wenye droni na kibali cha kurusha: subirini mwezi Julai mvua ikikataa, paeni jioni, uacheni ukuta nyuma yenu, muelekee mashambani. Msimulizi aanze na waliolima matuta ya Greenlee Lough, ndipo aje kwa Hadrian.