Michael Caine na lawama ya kutochagua kazi

Hata wanaompenda mwigizaji Mwingereza Michael Caine humlaumu kwa jambo moja: hakuchagua kazi. Lawama hiyo ina mashiko. Mwaka 1978 alicheza The Swarm, filamu ya nyuki wauaji. Mwaka uliofuata zikaja Ashanti na Beyond the Poseidon Adventure, na zote tatu hakuna anayezisifia. Mwaka 1987 alipotangazwa mshindi wa Oscar kwa Hannah and Her Sisters, hakuwepo ukumbini. Alikuwa Bahamas akirekodi Jaws: The Revenge, filamu ya papa ambayo baadaye alikiri hajawahi kuitazama. Amesikia tu kwamba ni mbaya mno, alisema, ila nyumba iliyojengwa kwa malipo yake ameiona, na ni nzuri sana.

Kwangu mimi kauli hiyo inauma. Huyu ndiye aliyecheza Get Carter mwaka 1971, muuaji mtulivu anayetisha bila kupandisha sauti. Mwenye kipaji hicho si angesubiri hadithi inayomfaa?

Lakini asubiriye lazima awe na cha kula. Caine alizaliwa Rotherhithe, London, mwaka 1933, jina lake Maurice Joseph Micklewhite. Baba yake alikuwa mchukuzi katika soko la samaki la Billingsgate, mama akifanya usafi kwa watu. Kijana akapelekwa vitani Korea, akarudi, akahangaika miaka mingi na vijisehemu vya hapa na pale hadi Zulu ya mwaka 1964, filamu ya vita kati ya Waingereza na Wazulu. Humo alikwenda kuomba nafasi ya askari wa kawaida mwenye lafudhi ya Cockney, yaani ya watu wa kawaida wa London, akakuta imeshachukuliwa. Mwongozaji Cy Endfield, ambaye ni Mmarekani, akampa nafasi ya Luteni Bromhead, afisa wa tabaka la juu. Caine ameamini siku zote kwamba mwongozaji Mwingereza asingethubutu kumpa mtoto wa mchukuzi nafasi ile, na mimi namwamini. (Filamu yenyewe ina dosari yake: Wazulu wamejaa humo, lakini kazi yao ni kuimba, kushambulia na kufa.)

Mwaka mmoja baadaye, katika The Ipcress File, alikuwa jasusi mwenye miwani, anayejipikia na kuongea kama watu wa mtaani kwao. Uingereza ilikuwa imezoea mashujaa wanaoongea kama mabwana. Aliyeuvunja mlango huo hakuwa na hakika kama kesho hautafungwa tena, ndiyo maana kila simu ya kazi aliipokea.

Tena kazi zile mbovu hazikupita bure. Zilimfundisha kamera. Alisisitiza kwamba mwigizaji anayepigwa picha ya karibu asipepese macho, na ukiitazama The Quiet American ya mwaka 2002 utaona matunda yake: mwandishi wa habari mzee huko Saigon, Vietnam, hofu na wivu vyote vimo machoni. Ilimpa uteuzi wa Oscar akikaribia miaka 70. Hata hivyo, filamu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiifute lawama yote. Nikihesabu zilizofikia kimo chake kati ya zaidi ya 100 alizocheza, nabaki na chache kuliko alivyostahili.

Mwaka 2023, akiwa na miaka 90, ilitoka filamu yake The Great Escaper: mkongwe wa vita anayetoroka makao ya wazee kwenda Normandy, Ufaransa, kuwakumbuka wenzake. Safari hii aliichagua hadithi, kisha akatangaza kustaafu.