Si Issa, ni AC

Ile voisi ya dakika nne, ya kunicheka kwa yaliyonipata na taa ya pikipiki, nimeisikia. Imezunguka Pemba nzima, imetoka Konde, ikashuka Wete, ikafika Mkoani, na juzi usiku imenirudia mwenyewe kupitia shemeji yangu aliyeko Mombasa, na chini yake kaandika "Pole Issa". Aliyeirekodi ni rafiki yangu, jina simtaji, mnamjua kwa kile kicheko chake cha punda. Mengi aliyosema ni kweli. Mawili kazusha: sikulia, na sikupiga magoti. Niliinama kuangalia waya.

Sasa sikieni kwa mwenye taa.

Mnanijua, mimi ndiye ninayewakera kila wiki. "Usishike kioo cha globu." "Pima taa ukutani kabla hujatoka." "Kwanza jua taa ya pikipiki yako ni AC, ya umeme wa magneti, au DC, ya umeme wa betri." Basi ni huyo huyo.

Pikipiki ni ile ile yangu ya Kichina, cc 125. Globu yake ni ya aina ya HS1, volti 12, wati 35 dimu (mwanga wa chini) na 35 fuli (mwanga wa mbali). Ukiiweka karibu na H4 ya gari utasema pacha, ila masikio ya kola, ile pete ya bati inayoikalisha globu, yamepishana kidogo, ndiyo maana H4 ya 60/55 haikai mpaka uichonge kwa tupa. Msiichonge, jamani. Wati 35 ni kama ampea 3, wati 60 ni ampea 5, na hizo za 100/90 mnazopenda kwa sababu ya boksi lake zinapita ampea 8. Magneti ya pikipiki ndogo, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, haina umeme huo wa kugawa. Kwanza inanuka soketi, halafu swichi ya mkononi inapata joto, mwisho bakuli la taa linavimba kama chapati juu ya chuma. Nimeliona moja, mwenye nalo anasoma hapa na anajijua.

Globu yangu ya mwisho ilikufa baada ya wiki tatu. Kosa langu. Niliitia nikiwa nimetoka kula pweza wa kukaanga, nikaishika kioo. Halojeni, yaani globu za namna hii, inawaka kwa moto mkali sana, na pale penye mafuta ya kidole kioo kinachemka kupita penginepo, kinavimba, basi. Nilipoitoa ilikuwa na alama ya dole gumba safi kabisa, ungeweza kunifungulia kesi nayo. (Wekeni akilini neno kesi.) Ukishaigusa, ifute kwa spiriti na kitambaa kikavu kabla hujawasha. Mimi nilijifuta mikono kwenye suruali nikaona inatosha.

Ndipo nikasema, kwa nini nisipande daraja, nitie LED? Haina kioo cha kuogopa vidole, inakula umeme kidogo, mwanga mweupe. Nikanunua.

Kufungua taa si kazi. Skrubu mbili za ubavuni, bisibisi ya nyota, taa inakuja mkononi. Unachomoa plagi ya nyaya tatu, unavua mpira wa nyuma, unabana ule waya wa springi unaoshika globu, imetoka. Dakika tano, na tatu kati ya hizo ni kutafuta skrubu iliyoanguka.

Tabu ya LED ni mkia. Nyuma ina mapezi ya kupoza na kifeni, na ule mpira wa kuzuia vumbi na maji haupiti. Wengine wanautupa mpira. Mvua moja tu ya masika, bakuli lina ukungu ndani na kung'aa kwake kumekwisha. Mimi najua hilo, sikuutupa. Niliukata tundu likaenea shingo ya taa, na ili nipate kuuvisha ikabidi niivue kola. Kola ya LED inashikwa na kiskrubu kimoja kidogo, cha aleni ya milimita 1.5. Unakilegeza, kola inazunguka upendavyo, unavisha mpira, unairudisha, unakaza.

Inazunguka upendavyo. Hapo ndipo nilipofia.

Nieleze kidogo, maana yule bwana kwenye voisi kasema "aliitia kichwa chini" kana kwamba nimevaa kanzu ya ndani nje. Dimu haiwashi bakuli zima. Chini ya ule waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usishuke. Mwanga unapiga nusu ya juu ya bakuli peke yake, na nusu ya juu ndiyo inayoutupa chini, barabarani. LED inayofaa inaiga hivyo hivyo: vichipu vinatazama kulia na kushoto, kikombe kiko chini yake. Ukiigeuza kikombe kikawa juu, mwanga unapiga nusu ya chini ya bakuli, na nusu ya chini inautupa mbinguni.

Kola yangu niliikaza imegeuka nusu duara barabara. Masikio yote matatu yakaingia mahali pake, springi ikabana, hakuna kilicholalamika.

Mtaniuliza, hukupima? Nilipima. Kipimo chenyewe ni hivi: unaweka pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mahali pa sawa, unapanda mwenyewe ili springi zikae, unatia alama ya chaki ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, unawasha dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama kwa kiasi cha sentimita 5. Lakini msimu huu uwanja wetu wote ni majamvi ya kuanikia karafuu, na Bi Mkubwa kasema atakayekanyaga jamvi asirudi ndani. Nikapimia hatua mbili kutoka banda la kuku. Kwa umbali huo hata mshumaa utauona umelengwa.

Na ya AC nayo niliijua. Zungusha ufunguo bila kupiga stata: taa ikiwaka, inakula betri, ni DC. Isipowaka mpaka injini iungurume, na ikawa inazidi kila ukivuta mafuta, hiyo inakula magneti moja kwa moja, ni AC. Yangu ni ya namna hiyo tangu nimeinunua. Nimeizoea hata nimesahau kwamba ni tabia, kama mume anayekoroma. Boksi la LED liliandikwa DC kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Baada ya isha nikapakia polo la muhogo la kumpelekea shangazi yangu huko Tumbe, nikaondoka.

Na hapa naomba mnisamehe, maana nilifurahi. Sijapata kuona mwanga vile. Makuti ya minazi nayahesabu. Juu ya mwembe mmoja popo wetu hawa wakubwa walikuwa wanakula, nikawaona mpaka masikio, wakaruka wote kwa pamoja. Nikajiambia, LED hii ina nguvu. Barabara yenyewe siioni, lakini nikaona hilo ni kwa sababu macho hayajazoea. Nimeingia mashimo mawili nikiwa nasifu taa. Watu barazani walikuwa wanatazama juu badala ya kunitazama mimi, nikapunga mkono.

Nikafika pale njia inapoanza kushuka pwani. Nyumba ya shangazi iko pembeni, mlango umefungwa. Nikasimama ili nimpigie simu, injini nikaiacha inaunguruma taratibu. Simu iko chini ya polo.

Sasa twende polepole.

Injini ikishuka hivyo, umeme wa magneti nao unashuka. Halojeni ingefifia tu, ikawa njano. LED haijui kufifia. Ina kisakiti kinachotaka volti zake: zikipungua kinakata, zikirudi kinawasha, kinakata, kinawasha. Kwa hiyo mimi nimeinama napapasa chini ya muhogo, na nyuma ya mgongo wangu, kwenye kilele cha mnazi mrefu kuliko yote ya pwani ile, usiku wa giza la mwezi, msimu wa karafuu, mwanga mweupe unapepesa. Pa. Pa-pa. Pa.

Kwa msiokulia Pemba: karafuu inauzwa serikalini tu, na kuna wasiopenda hivyo, wanaipitisha usiku kwa mashua kuelekea Kenya. Mashua inasubiri nje gizani mpaka mtu wa nchi kavu aipe ishara.

Nikainua kichwa. Huko baharini, mbali, kitochi kikajibu. Mara mbili.

Nikaona, ah, wavuvi wananisalimia.

Mkono ukanishika bega. Mzito. Nikageuka, nikaona bakora kwanza, halafu kofia, halafu mzee mwenyewe, na nyuma yake vijana wanne wa ulinzi wa kijiji, mmoja kashika kasia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unamwita nani?"

"Simwiti mtu, mzee. Namtafuta shangazi."

"Shangazi yuko baharini?"

Kitochi kikapiga tena. Vijana wote wakakitazama, kisha wakanitazama mimi. Mzee akaliinamia polo, akavuta pumzi. Polo la karafuu, jamani! Sisi nyumba nzima tuna mapolo gani mengine? Muhogo ulinukia karafuu, fulana yangu inanukia karafuu, nadhani hata jasho.

"Muhogo huu," mzee akasema, "una harufu nzuri."

Hapo akili ikanituma nithibitishe kwamba ni ubovu wa taa. Nikasema "Tazama mzee", nikabonyeza swichi. Fuli, dimu. Fuli, dimu, fuli. Nikavuta mafuta, taa ikatulia, nikaachia, ikapepesa. Nilikuwa naeleza kama mwalimu. Na huko baharini kitochi kimechachamaa, kinajibu kila ninachobonyeza, mwisho tukasikia na mashine ya mashua inawashwa.

"Inakuja," akasema mwenye kasia.

"Mama yangu wee," nikasema. Hilo nakiri.

"Nani mwenzako?" mzee akauliza. "Taja."

"Sina mwenzangu! Ni AC! AC ndiyo inayofanya hivi!"

Kimya. Mzee akamgeukia kijana mmoja. "Issa yupi huyo?"

"Si Issa, mzee, AC!"

"Ndiyo nakuuliza, Issa mwana wa nani?"

"Siyo mtu! Inatoka kwenye magneti!"

"Issa anatoka wapi?"

Kijana mwenye kasia akasema kuna Issa mmoja Msuka ana mashua. Wallahi nikamwonea huruma mtu nisiyemjua. Nikainama niwaonyeshe waya, na ndipo yule rafiki yangu alipotokea na vespa yake, akanikuta nimeshika plagi chini ya taa, wanaume watano wamenizunguka, nalia (sikulia), na mzee anasema kwa upole, "Mwanangu, mtaje Issa uende zako."

Yaliyobaki hayana maneno. Shangazi kafungua mlango, kanitambulisha ukoo mzima mpaka babu wa nne. Polo limemwagwa, muhogo umehesabiwa, ulikuwa vipande ishirini na mmoja na sasa ni kumi na saba. Mashua ikafika. Ndani yake alikuwa mtoto wa yule mzee mwenyewe na wenzake wawili, wametoka kuvua dagaa. Nyumbani kwao wana kawaida ya kumwashia tochi pakitokea jambo. Kakunja nyavu mapema usiku wa giza, usiku wa dagaa, akijua baba yake amefariki. Alipomwona baba amesimama na bakora hakujua ashukuru au atukane. Alitukana.

Nilirudi Konde nyuma ya vespa ya rafiki, na njia nzima mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Asubuhi nimerudisha halojeni, HS1 35/35, nimeishika kwa karatasi yake. Wanaouliza kama LED inawezekana kwenye AC: inawezekana. Ama ununue iliyoandikwa AC/DC, ama fundi akutolee waya wa betri kupitia fyuzi ya ampea 5, lakini mwambie apime kwanza kama chaji inatosha, maana magneti za namna hii zinachaji betri kwa kudonoa. Na kola, kikombe chini. Nimeipiga alama ya rangi ya kucha ya mke wangu, bado hajajua.

Ile LED nilimpelekea yule mzee, pamoja na muhogo mwingine, kuomba radhi. Kaitazama, kaigeuza, kauliza kama inakula betri ya gari. Nikamwambia hiyo ndiyo inayoitaka hasa, volti 12 zilizotulia. Wameifunga kwenye mashua, inatazama majini, na usiku wa kwanza tu dagaa wamejaa. Haijapepesa hata mara moja.

Jana kanipigia niende nikachukue fungu langu. Nimefika pwani, kaniita kutoka mbali, mbele ya soko zima la samaki:

"Issa! Njoo baba, ndoo yako hii!"

Nikaitika.