Shangazi, Kobe na ndoo ya mbege

Wauzaji wa spea za kopi za magari ya zamani wanajua kupiga picha, hilo nawapa. Ukifungua simu unaona paneli za milango nyeusi tii, mshono umenyooka, hendeli zinang'aa, halafu chini wameandika "zinaingia Beetle zote". Zote! Volkswagen walitengeneza zaidi ya milioni 21 za hizo gari, mpaka ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla huko Mexico mwaka 2003, na katikati hapo walikuwa hawaachi kubadilisha vitu, mara hendeli, mara kitasa, mara tundu la skrubu limesogea. Sasa hiyo zote ni ipi jamani?

Kwetu tuna ya mwaka 1969, tunaiita Kobe. Mzee aliinunua kwa hela ya kahawa, enzi hizo kahawa ilikuwa kahawa kweli, na ukimpa nafasi tu anakukumbusha kwamba Volkswagen ilichukua Safari Rally mwaka 1962, wakati ule mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, anavyosimulia utasema yeye ndo alikuwa anashika ramani. Injini haina neno. Inapozwa na upepo, haina rejeta, haina maji, fundi yeyote wa Moshi mwenye mvi anaifungua huku anaongea na simu. Balaa lilikuwa ndani: silingi imechanika inaning'inia, kapeti hakuna, siti zimebonyea. Na siti za Beetle za zamani hazikujazwa sponji bwana, ni nywele na nyuzi za nazi zimegandishwa kwa raba, ndo maana hizo gari zina ile harufu yake ambayo mzee anaita harufu ya Mjerumani.

Binamu yangu yuko Ujerumani, na Desemba anakuja, maana Desemba sisi Wachaga wote tunapanda mlimani kuhesabiwa. Nikamwagiza seti nzima ya ndani, akaja nayo kwenye mabegi, tukamkabidhi fundi wa siti pale Majengo wiki moja kabla ya Krismasi.

Fundi akafungua boksi, akatoa paneli ya mlango, akaipachika, akaitoa, akaigeuza, akaipachika tena.

"Mangi, tundu la hendeli liko hapa, chuma cha hendeli kiko huku. Hii ni ya gari gani?"

"Wameandika zote."

"Zote isipokuwa hii."

Akachoma tundu jipya kwa kisu cha moto. Hendeli za kunyanyulia vioo nazo meno ya ndani hayaumani na ya mashine, unazungusha inazunguka tu inafurahi yenyewe, kioo kimetulia. Fundi akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akakisokomeza katikati, ikashika kidogo, akasema usizungushe kwa hasira. Vitasa vya ndani vya kufungulia mlango vilikuwa vyepesi mno, unahofia hata kuvitekenya. Mzee alivyoviona akakataa katakata mlango wake usiguswe, abaki na kitasa chake cha zamani chenye kutu. Tukamcheka sana siku hiyo.

Silingi ndo ilikuwa kesi. Silingi ya Beetle ili ikae inatakiwa vioo vya mbele na nyuma vitoke, kwa sababu pindo lake linalala chini ya ile mipira ya vioo. Fundi akaitazama mipira, imekauka tangu utawala wa Nyerere, akauliza, huu ukikatika Krismasi hii nautoa wapi? Basi kioo hakikutoka. Akapunguza pindo kwa mkasi, akapaka gundi ya viatu, akabandika. Na ilipendeza, nisiseme uongo, ilipendeza mno, tukapiga na picha.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya boksi ambacho nilikuja kukijua baadaye, kifuniko cha plastiki cha betri. Kwenye Beetle betri inakaa chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia, na juu yake ni springi za siti, chuma tupu. Kati ya springi na betri panatakiwa pawe na kizuizi. Sasa kile kifuniko kimetengenezwa kwa betri fupi ya kwao, sisi tumefunga N50 ya hapa mjini, mrefu yule, taminali zake zinachungulia juu. Fundi akakilazimisha, kikapasuka. Na ile godoro mpya ya nywele iliyokuja kwenye seti ilikuwa nusu ya unene wa ile ya zamani. Fundi akasema hiki kiplastiki ni urembo tu, akakitupa, akarudisha siti, akadai hela yake.

Tarehe 24 asubuhi tukatoka Moshi kwenda Marangu. Mimi naendesha, mzee mbele kavaa kofia yake, shangazi yuko nyuma na ndoo ya mbege, pombe yetu ya Kichaga, kapika mwenyewe, ndizi kachemsha mwenyewe, ulezi kaotesha mwenyewe, haruhusu mtu hata kuonja. Shangazi yangu ni mtu wa mwili, Mungu hakumpunja. Ndoo akaiweka kushoto. Yeye akakaa kulia. Kulia kabisaaa.

Kufika Kiboriloni, tuta la kwanza nikasikia tsss. Nikajua breki. Tuta la pili shangazi akainua pua.

"Baba, kuna watu wanababua kichwa cha mbuzi hapa karibu?"

"Si Krismasi shangazi, kila mtu anachinja."

"Mh. Hawa wamewahi."

Akajiweka sawa, sasa ndo akajiegemeza kwa uzito wote, na mzee ambaye alikuwa kimya muda wote akageuka taratibu akavuta hewa puani mara mbili.

"Hiyo sio mbuzi. Hiyo ni siti. Simamisha gari!"

Nikasimamisha. Moshi ukaanza kutoka kwenye pindo la siti, mweupe, mzito, unanuka unywele kuungua. Shangazi akapiga ukelele "Ruwa wangu, naungua makalio!", mimi nikavuta kitasa nifungue mlango na kitasa kikaja chote mkononi, kizima, na skrubu yake. Nikakimbilia hendeli ya kioo, nikazungusha, ikazunguka vizuri kabisa, kile kipande cha tyubu kikachomoka kikanidondokea mapajani, kioo hakijasogea hata nukta. Beetle ina milango miwili tu. Mlango pekee uliobaki ni wa mzee, wenye kitasa cha kutu, na mzee hatoki ndani ya gari bila kwanza kutafuta fimbo yake.

"Baba toka!"

"Kofia yangu iko wapi?"

"Iko kichwani!"

Akatoka. Nikatoka nyuma yake kwa magoti, nikalaza siti ya mbele ili shangazi apite, shangazi akasimama kwa nguvu na kichwa kikapiga silingi. Gundi ya viatu, jua la Moshi, moshi wa chini, vyote kwa pamoja. Silingi ikaachia kuanzia kwenye kioo cha nyuma, ikaja mbele prrrrr, ikamfunika shangazi kama chandarua, na yeye kwa kudhani ni mtu kamvamia akaanza kuipiga ngumi.

Vijana wa bodaboda wakajaa. Wawili wakamvuta shangazi akiwa ndani ya silingi yake, mmoja akaingia akang'oa siti akairusha barabarani, springi moja nyekundu unaiona kwa macho, na nywele zinaendelea kuteketea. Betri ikawa salama siti ilipotoka, ila siti yenyewe inawaka na maji hakuna. Yule kijana akatazama kulia, akatazama kushoto, akaiona ndoo.

Kutoka ndani ya silingi ikasikika sauti: "Usithubutu!"

Alithubutu. Ndoo nzima, na machicha yake. Moto ukazima hapohapo. Shangazi akajitoa, nywele zote alizosukwa jana yake zimejaa gundi, hakuuliza gari limepona, hakuuliza mzee yuko wapi, alisimama juu ya ile siti anaangalia ulezi unavyoingia kwenye ile godoro mpya. Akamgeukia kijana wa boda, "Wewe ndo umeimwaga, basi wewe ndo utanipeleka Marangu." Akapanda. Alifika kuhesabiwa kabla yetu, na habari ilifika kabla yake.

Binamu aliwaandikia wauzaji, wakajibu kwamba betri yetu haikuwa ya kipimo chao. Mzee akakata kipande cha mpira wa kandambili za matairi, akakilaza juu ya betri, akakikalia mwenyewe kupima, kimekaa mpaka leo. Silingi haijarudi. Siti tuliianika juani wiki nzima ila mbege imeshaingia kwenye nywele haitoki, jua likipanda ndo inachachuka upya.

Januari traffic akatusimamisha pale Himo. Akainama dirishani kuomba leseni, akasita, akanusa.

"Shuka. Puliza hapa."

Nikapuliza. Sifuri. Akakigonga kipimo kwenye kiganja, akanambia nipulize tena. Sifuri. Mzee akachungulia upande wake.

"Afande, aliyekunywa ni siti ya nyuma."

Afande akaingiza kichwa ndani, akavuta hewa, akakaa nayo kidogo, akanirudishia leseni.

"Ya wapi hii?"

"Ya shangazi."

"Anauza?"